Shajara ya mradi: kumtafutia bundi wetu fani inayomfaa

Jumapili, mwanzo

Mradi huu una kazi mbili. Ya kwanza ni kumchagulia mwandani wetu, yaani kiumbe anayeandamana na wahusika wa wachezaji, fani (kazi na uwezo wake vitani) anayoruhusiwa kuwa nayo katika kampeni yetu ya Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa hadithi na dadu. Ya pili ni kuandaa karatasi moja ya Kiswahili ambayo msimulizi yeyote, yaani anayeuendesha mchezo, ataitumia pale kiumbe mgeni anapojiunga na kundi lake. Mezani kwangu wapo wachezaji wawili tu, wapwa zangu. Mkubwa yuko kidato cha pili na anacheza mwizi wa jamii ya watu wafupi. Mdogo wake, binti wa darasa la saba, anacheza mghani. Wote wamefika ngazi ya 3. Wawili ni wachache mno kwa mchezo uliopimwa kwa kundi la watu wanne hivi. Mmoja akianguka, aliyebaki anabeba vita peke yake na mara nyingi naye hafiki mbali.

Mchezo una jibu rasmi kwa tatizo hili. Kitabu cha Tasha's Cauldron of Everything cha mwaka 2020 kina sehemu fupi ya wandani, iliyopanua kanuni zilizotoka 2019 kwenye sanduku la wanaoanza kucheza. Mwandani hajengwi kuanzia sifuri kama mhusika wa mchezaji. Unachukua kiumbe mwenye jedwali lake la sifa tayari, unampandishia juu yake fani moja kati ya tatu, yaani Mpiganaji, Mtaalamu au Mwenye uchawi, kisha anapanda ngazi pamoja na kundi. Napenda mpango huu. Kiumbe anabaki vilevile walivyomjua watoto, fani inamwongezea tu mwendo wa kukua.

Wagombea wanatokana na hadithi yenyewe. Yuko mbwa mkubwa wa ulinzi waliyemfungua kwenye mnyororo kule kinuni. Yuko goblini mateka, kijitu wa hadithi za kubuni, waliyemsamehe. Na yuko bundi mkubwa, wa kimo cha farasi, aliyechomwa mshale ubavuni na mghani akamwimbia mpaka akatulia. Binti ameongeza jina la nne: joka dogo aliyemwona kwenye picha. Kaka yake naye akaomba simba.

Jumatatu, chujio la kwanza

Simba ametoka mapema. Kanuni inataka kiumbe ambaye kiwango chake cha ugumu, yaani namba inayopima ukali wake vitani, hakizidi nusu, na simba ana 1. Mbwa ana moja ya nane. Goblini, bundi na joka dogo kila mmoja ana robo. Hapa hakuna la kujadili, na sikutaka kulifungulia mjadala. Kikomo hiki ndicho kinachomzuia mwandani kuwafunika wachezaji tangu siku ya kwanza.

Joka dogo naye ametoka, kwa sababu nyingine. Kanuni inasema mwandani lazima awe rafiki wa angalau mhusika mmoja wa kundi. Joka dogo hawajakutana naye popote. Wasimulizi wengi, nadhani, wanaupita mstari huu haraka kwa sababu hauna namba. Kwangu ndio mstari mzito kuliko yote kwenye sehemu hiyo nzima. Ukianza na fani halafu ukaenda kutafuta kiumbe wa kuijaza, unapata silaha yenye jina. Ukianza na kiumbe ambaye watoto walishampa maji kwa mikono yao, fani inakuja kumtumikia yeye.

Jumanne, mstari wa lugha

Kazi ya leo imenikalisha muda mrefu, na imenifurahisha mno.

Mpiganaji hana sharti la ziada. Kiumbe yeyote aliyepita chujio la kwanza anaweza kuwa Mpiganaji, awe askari, awe fisi. Mtaalamu na Mwenye uchawi wana sharti moja wanalolingana: jedwali la kiumbe lionyeshe angalau lugha moja ambayo anaweza kuisema. Kuielewa hakutoshi.

Mbwa hana lugha hata moja, kwa hiyo njia yake ni Mpiganaji peke yake. Goblini anasema lugha ya kawaida na ya kwao, milango yote mitatu iko wazi. Kwa bundi mkubwa ndipo nilipolazimika kusoma jedwali kwa kidole. Imeandikwa kwamba anaielewa lugha ya kawaida, ya jamii ya elfu (elves) na ya viumbe wa msituni, lakini hawezi kuzisema. Aliyesoma hapo tu atamfungia mlango. Ila kabla ya maneno hayo limetangulia jingine: lugha ya bundi wakubwa. Hiyo anaisema, ni yake. Sharti limetimia. Kanuni haidai kwamba wachezaji wamwelewe.

Joka dogo ni kinyume chake. Anaelewa lugha mbili, anapeleka hisia na picha kwenye akili ya mtu aliye ndani ya futi 100, lakini hasemi lugha yoyote. Binti alipoambiwa hayo aligeuka wakili.

“Mjomba, lakini si anaongea kwa akili? Na hiyo pia ni kuongea.”

Nilimwambia hoja yake ni nzuri, na kwamba meza nyingine ingeweza kuikubali. Mimi nimeushika mstari kama ulivyo. Nikiulegeza kwa joka, kesho utalegea kwa kila mnyama mwenye macho ya upole, na tofauti ya Mpiganaji na wenzake wawili itakosa maana. Alikunja uso kidogo, kisha akauliza bundi ameruhusiwa zipi. Nikamwambia zote tatu. Akaruka kwenye kiti.

Nimepitia na wengine wachache kwa ajili ya karatasi. Mbwa anayepotea hapa na kutokea pale ana lugha ya jamii yake, naye anaruhusiwa zote tatu. Nyumbu wa mizigo, ngamia, mbwa mwitu na mamba wanabaki Wapiganaji. Kuna pia kiumbe mwenye sura ya kunguru anayesema kwa kuiga sauti alizozisikia tu. Jedwali lake linakubali kwamba anaongea kwa njia hiyo. Mezani kwangu ningemruhusu, ila kwenye karatasi nitaandika kuwa uamuzi ni wa msimulizi, kwani maneno ya jedwali yanabeba tafsiri zote mbili.

Alhamisi, hesabu

Kuruhusiwa ni jambo moja, kufaa ni jingine. Leo nimekaa na kikokotoo.

Goblini kwanza. Kinga yake, yaani namba ambayo shambulio lazima liifikie ili limpate, ni 15, nzuri kuliko ya wenzake wote. Lakini tayari ana wepesi wa kujificha au kuchomoka vitani kwa tendo la ziada. Mtaalamu akifika ngazi ya 2 anapewa karibu jambo hilohilo. Kumfanya goblini Mtaalamu ni kumlipa kwa kitu alichonacho. Kumfanya Mwenye uchawi ni vibaya zaidi: akili yake ni 10, busara 8, mvuto 8. Namba ambayo adui anatakiwa kuifikia kwa dadu ili kuushinda uchawi wake ingekuwa 10, na karibu adui yeyote anaifikia. Goblini ni Mpiganaji. Kwa vile ana mwili wa mtu, fani hiyo inamfungulia mavazi yote ya vita, ngao na silaha za kivita. Angependeza sana.

Mbwa anaanza na pointi 5 za uhai. Akipandishwa hadi ngazi ya 3 kwa wastani wa dadu anafika 17. Kung'ata kwake kunaweza kumwangusha adui chini, na adui aliyelala hupigwa kirahisi na walio karibu naye. Ukimpa jukumu la mlinzi ndani ya fani ya Mpiganaji, adui akimlenga rafiki huku mbwa yuko kando ya adui huyo, mbwa anaingilia na pigo linakuwa gumu kufika. Kundi lenye mwenye uchawi dhaifu anayesimama nyuma lingefaidika sana naye. Letu halina mtu wa namna hiyo.

Bundi sasa. Uhai 19, kinga 12, anaruka futi 60 kwa zamu, anaona gizani futi 120. Kucha zake zinatoa dadu mbili za pande 6 jumlisha 1, wastani 8. Ana sifa moja ambayo ndiyo iliyonishika: akipita karibu na adui kwa kuruka, adui hapati nafasi ya kumpiga wakati anaondoka.

Nimepima mbele ya adui mwenye kinga 15, nikiacha pigo la bahati la 20 nje ya hesabu ili mambo yabaki mepesi. Bundi bila fani anapata mara 45 kati ya 100, yaani wastani wa madhara 3.6 kwa raundi. Akiwa Mpiganaji mwenye jukumu la kushambulia anaongezewa 2 kwenye shabaha, anafika 4.4. Nyongeza hiyo haifiki hata pointi moja.

Mtaalamu hamwongezei shabaha. Anampa kitu kimoja kwenye ngazi ya 1: kumsaidia mwenzake kwa tendo la ziada badala ya tendo kamili. Bundi anashuka, anamvuruga adui usoni, anakwaruza kwa kucha, anaondoka zake juu bila kuguswa. Mwizi anayefuata anarusha dadu mbili na kuchukua iliyo kubwa. Na mwizi akiwa na fursa hiyo, pigo lake la kuvizia, lenye madhara ya ziada, linaingia, hata kama hakuna rafiki aliyesimama kando ya adui.

Mwizi wetu ana nyongeza ya 5 kwenye shabaha na upanga mfupi. Akiwa peke yake, bila kuvizia, wastani wake ni 3.6. Akisaidiwa na bundi anapata takriban mara 80 kati ya 100, kwa wastani wa 13.5 kila anapopata. Hiyo ni 10.8 kwa raundi. Ili ulinganifu uwe wa haki, bundi Mpiganaji naye akikubali kubaki ardhini kando ya adui anamfungulia mwizi pigo la kuvizia, na wawili hao wanafika 11.8. Bundi Mtaalamu pamoja na mwizi wanafika 14.4, naye yuko hewani salama. Yule wa ardhini, kwa kinga yake ya 12, kila goblini anampata mara 65 kati ya 100.

Hesabu inapendeza, lakini kilichonivuta ni mahali furaha inapoangukia. Kwa Mpiganaji, bundi ndiye anayeua. Kwa Mtaalamu, bundi anafungua mlango na mtoto ndiye anayeingia. Mwandani wa namna hiyo ndiye ninayemtaka mezani kwangu.

Ijumaa, mlango wa tatu

Binti bado ana hamu ya uchawi, na haki yake ni kupimiwa. Mwenye uchawi anachagua moja ya njia tatu: ya usomi inayotegemea akili, ya uponyaji inayotegemea busara, au ya kipaji inayotegemea mvuto. Kwa bundi njia yenye maana ni ya uponyaji, kwa kuwa busara yake ni 13. Hiyo inampa nyongeza ya 1 tu, na namba ya kushindana na uchawi wake inakuwa 11. Mwali mtakatifu wa makuhani, ukitumwa kwa goblini, unampata mara 40 kati ya 100. Wastani wake ni 1.8. Kucha zinatoa mara mbili ya hapo.

Kuponya kungekuwa na maana zaidi kuliko kushambulia, ila mghani wake mwenyewe tayari anaponya. Nilimuuliza kama anataka bundi afanye kazi aliyokuwa akiifanya yeye. Alifikiri, akasema hapana, hiyo ni yake.

Kuna na suala la mikono. Nyingi za kazi za uchawi zinataka mkono mmoja ulio huru kwa ishara. Bundi akiwa hewani kucha zake ziko huru, akitua anazisimamia. Msimulizi atakayempa bundi fani hii itabidi aamue hilo mapema na kuliandika, ama kila pambano litakatizwa na mabishano.

Jumamosi, jaribio

Tumecheza pambano moja la darajani, magoblini wanne, wawili kati yao na pinde. Bundi Mtaalamu wa ngazi ya 3. Uhai wake baada ya dadu mbili za kupanda ngazi unaweza kuwa popote kati ya 23 na 41. Nilichukua wastani wa kitabu, 33. Nilisita kuiona namba hiyo, maana mwizi ana 24 na mghani 21. Mwandani ana uhai kuliko wote wawili. Nikaiacha. Kinga ya 12 inaula uhai huo upesi, na wale wenye pinde walilithibitisha: sifa yake ya kupita bila kupigwa haimlindi na mishale.

Niliamua tangu mwanzo kwamba bundi atashikwa na binti, nisimshike mimi. Kitabu kinaruhusu yote mawili. Msimulizi akimshika mwandani, meza inageuka mahali pa kumtazama mtu mzima akicheza na nafsi yake. Wasiwasi wangu ulikuwa zamu kurefuka, kwa kuwa binti sasa anaendesha wahusika wawili. Tulitunga mpangilio wa kusema kwa sauti: shuka, saidia, kwaruza, paa. Kufikia raundi ya tatu alikuwa anaimaliza zamu ya bundi kabla kaka yake hajaokota dadu.

Na jambo la lugha lilileta uhai ambao hakuna namba ingeuleta. Bundi anawaelewa, hawezi kuwajibu. Binti akabuni alama: kugeuza kichwa chote nyuma ni hapana, kufumba jicho moja ni ndiyo, na kunyanyua manyoya ya shingoni ni hatari. Bundi aliporudi kutoka kupeleleza ng'ambo, kaka mtu akamuuliza walinzi wangapi. Binti alifumba jicho, akafumba tena, akafumba tena, akanyanyua mabega mpaka masikioni. Mwizi akaitoa kamba yake iliyokuwa imefungwa darajani na kusema wapitie mtoni.

Suala moja limebaki mezani. Bundi ni mkubwa wa kutosha kubebea mtu, na kwa nguvu zake za 13 anaweza mzigo wa ratili 390, zaidi ya kilo 170. Mwizi wetu mfupi angepanda mgongoni na kuruka juu ya kila ukuta nitakaouchora. Tumekubaliana watatu: bundi hapandwi vitani, na nje ya vita anabeba mtu pale tu anapokubali, akifumba jicho. Nimeona ni haki. Ni rafiki, ana hiari yake.

Jumatatu, karatasi

Rasimu ya kwanza ya karatasi imekaa kwenye ukurasa mmoja wa A4. Inaanza na swali la urafiki: kiumbe huyu ni rafiki wa nani, na urafiki ulianzia wapi. Linafuata la kiwango cha ugumu, kisha la lugha anayoisema, na hapo msimulizi anaelekezwa asome mstari wote wa lugha mpaka mwisho wake. Swali la nne ni lile la goblini: ana nini tayari ambacho fani ingemrudishia mara ya pili? La tano ni nani atamshika mezani. Swali la madhara kwa raundi nimeliweka nyuma ya karatasi, kwa anayependa kuhesabu.

Upande wa haki za maandishi nimekuwa mwangalifu. Majedwali ya viumbe kama bundi, goblini na mbwa yamo kwenye hati ya kanuni za toleo la tano ambayo Wizards of the Coast, wachapishaji wa mchezo, waliiachia chini ya leseni ya Creative Commons mnamo Januari 2023. Hayo naweza kuyatafsiri na kuyagawa mradi nitaje yalikotoka. Kanuni za wandani hazimo kwenye hati hiyo. Kwa hiyo karatasi yangu haitafsiri fani zile tatu. Inauliza maswali kwa maneno yangu, na msimulizi anakwenda kwenye kitabu chake kwa maelezo kamili.

Wanaocheza tangu toleo la tatu la mwaka 2000 wataona majina mawili wanayoyafahamu. Mpiganaji na Mtaalamu walikuwepo wakati ule pia, miongoni mwa fani tano za wahusika wa msimulizi, pamoja na mwananchi wa kawaida, mtu wa ukoo wa kitajiri na mganga. Zilikuwa fani za watu wa pembeni wa hadithi. Leo zimehamishiwa kwa anayetembea bega kwa bega na wachezaji, na naona ndipo zilipostahili kuwa.

Jumatano, hali ilivyo

Fani imethibitishwa: bundi mkubwa, Mtaalamu. Ujuzi wake wa aina tano tumeuchagua pamoja: kufuata nyayo porini, kusoma nia ya mtu, elimu ya viumbe na mimea, sarakasi, na wizi wa mikono, ambao kaka mtu aliung'ang'ania ili bundi aweze kunyofoa funguo kiunoni mwa mlinzi. Ule umahiri wa maradufu wa ngazi ya 3 umekwenda kwenye kunyemelea, ambako sasa ana nyongeza ya 6, na kwenye kufuata nyayo.

Ngazi ya 4 italeta nyongeza ya sifa. Nimeshaona pointi moja kwenye wepesi, kutoka 15 hadi 16, na moja kwenye busara, kutoka 13 hadi 14, zitapandisha kinga yake, kunyemelea kwake na uoni wake kwa mpigo mmoja. Binti anataka nguvu iende 14 ili kucha ziume zaidi. Bundi ni wake, ataamua yeye. Ngazi ya 6 ndipo Mtaalamu anapoweza kumsaidia mwenzake dhidi ya adui aliye umbali wa futi 30, na hapo hatalazimika kumkaribia adui ili kusaidia.

Goblini sijamtupa. Kundi likipata mchezaji wa tatu, binamu yao ameanza kuuliza maswali, goblini na ngao yake wanaweza kuingia kama Mpiganaji mlinzi. Kazi ya wiki ijayo ni kutafsiri jedwali lake na la mbwa, na kuijaribu karatasi kwa msimulizi ambaye hajawahi kuniona nikicheza.